Vioo vya Fabian Qamara

Ieleweke kwa wote wanaohusika kwamba sehemu zisizoonekana kando ya gari zimefutwa. Ndivyo ulivyosema waraka wa uongozi wa kampuni moja ya kutembeza watalii mjini Karatu, uliotumwa kwa madereva wote kupitia kundi la WhatsApp, ukiwa na nembo, muhuri na saini. Vioo vya pembeni, waraka uliendelea, vitarekebishwa ili ubavu wa gari uonekane ndani ya kila kioo. Kioo cha ndani kitatazama dirisha la nyuma na si kitu kingine chochote. Na kwa eneo lolote ambalo vioo havitalifikia, dereva atageuza kichwa mpaka kidevu kiwe juu ya bega, kila mara, kabla ya kugeuza gari. Dereva atakayeshindwa kugeuza kichwa atahesabiwa kuwa ameshindwa kuendesha. Mkaguzi angekuja kutoka Arusha kuwapima mmoja mmoja, wiki hiyo hiyo.

Madereva walijibu kwa alama za dole gumba. Mmoja aliweka picha ya bundi, kisha akaifuta.

Fabian Qamara naye aliweka dole gumba. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko lake huko Rhotia, simu ameinyanyua mbele ya uso kama mtu anayejipiga picha, kwa sababu hakuweza kuinamisha kichwa aisome ikiwa mapajani. Shingo yake ilikuwa imeacha kugeuka, na kuinama, miaka kadhaa nyuma. Kazini hakuna aliyejua.

Haikuvunjika siku moja. Barabara ya changarawe inayotoka ukingo wa kreta, lile bonde la wanyama, kwenda Serengeti imejikunja kama bati, na mtu anayeipita kwa zaidi ya nusu ya umri wake hupokea kila mkunjo kwa uti wa mgongo. Mwanzoni Fabian alikuwa akisikia mlio mdogo, kama mtu anayekanyaga maganda ya karanga. Halafu mlio ukaisha, na shingo nayo ikaisha pamoja nao. Daktari alimwonyesha picha, akamweleza kwamba mifupa imeshikana, kwamba haitaachana, na kwamba kwa sasa la muhimu ni kuepuka barabara mbovu. Fabian alimshukuru. Kesho yake alipeleka wageni Kakesio, ambako barabara ni mbovu kuliko zote.

Kuficha hakukuwa kugumu kama alivyodhani. Mtu akimwita kutoka kando, Fabian hugeuka mzima mzima: viatu, mkanda, kifua, halafu uso. Wageni walilipenda sana jambo hilo. Waliandika mtandaoni kwamba huyu ni dereva anayekusikiliza kwa nafsi yake yote, hata ukimuuliza choo kiko wapi. Kampuni iliyaweka maneno hayo kwenye tovuti yake, chini ya picha ya Fabian, ambayo, kama ilivyo lazima, imepigwa akiwa ametazama mbele.

Kijiji kizima cha Rhotia kilimwona kuwa mtu aliyebahatika kupata kazi ya kukaa. Hilo lilikuwa kweli kuliko kilivyojua. Shamba la mahindi na maharage ya ngwara alilorithi lilikuwa linalimwa na mke wake na vibarua, maana jembe linataka mtu ainame, na Fabian hainami. Hata kukamua ng'ombe alikuwa ameacha, akisingizia ratiba. Kazi iliyomwondolea shingo ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo mtu asiye na shingo angeweza kuifanya. Akiikosa, hakuna nyingine nyuma yake.

Waraka nao haukutoka hewani. Muda mfupi kabla yake, dereva mwenzake aitwaye Tajewo alikuwa anarudi kutoka kreta, akakata kulia pale Njiapanda, barabara ya Mang'ola inapoachana na lami. Hakumwona bodaboda aliyekuwa anampita upande huo huo wa kulia na gunia la vitunguu nyuma. Bodaboda alitoka na michubuko na maneno mengi. Vitunguu vilitapakaa barabara nzima, na wageni, wakidhani ni sherehe ya mavuno, walipiga picha. Tajewo hakufukuzwa, uongozi ulilisisitiza neno hilo. Alihamishiwa stoo ya matairi, akapewa stuli, na tangu siku hiyo akawa anaulizwa na kila apitaye kama tairi zote zipo.

Kwa haki, kosa la Tajewo lilikuwa la mji mzima. Kule chini kreta hakuna anayekupita. Kinachokufuata ni vumbi lako mwenyewe. Dereva wa huku hujifunza mapema kwamba kazi ya kioo cha pembeni ni kumwonyesha gurudumu la nyuma: limepanda jiwe, limezama kwenye tope, limebakiza nini kufika ukingoni kwenye mteremko wa Seneto. Kwa hiyo hukilaza kioo kitazame chini. Kioo cha ndani hukigeuzia wageni. Humo huona nani anasinzia, nani tumbo limemchafuka, na nani amemwona chui ila anaona aibu kusema, akihofia asije akawa kisiki. Ni kioo chenye habari nyingi. Halafu jioni, vioo vikiwa vile vile, hushuka kwenye lami katikati ya bodaboda, punda, malori ya vitunguu na madereva wenzake, ambao nao kila mmoja anatazama gurudumu lake.

Fabian aliiacha desturi hiyo kwa kukosa njia, si kwa hekima. Shingo ilipokataa, alijaribu kwanza kuendesha kwa kusikia, kisha kwa kubahatisha. Siku moja punda alimtokea upande ambao hakuwa amemtarajia, na hapo akaona kwamba vioo itabidi vifanye kazi ya shingo. Aligundua kidogo kidogo, kwa kukosea, kwamba kioo kinachokuonyesha ubavu wa gari lako kinapoteza nafasi kwa kitu ambacho tayari unajua kilipo. Akavisukuma vioo vyake nje, nje zaidi, mpaka ubavu ukatoweka na barabara ya pembeni ikajitokeza. Gharama yake ilikuwa kioo cha ndani. Sasa kilitazama dirisha la nyuma, nusu yake ikiwa imezibwa na tairi la akiba, na Fabian hakuona tena sura za wageni. Zaidi ya mara moja aliwaeleza kwa kirefu maisha ya ndege aina ya heroe watu ambao wote walikuwa wamelala.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho cha vioo hakitaki kukaa. Waosha magari husukuma kioo kwa kitambaa, matawi hukigonga, na vumbi hulegeza skrubu. Kwa hiyo kila anapolala na gari nyumbani, asubuhi Fabian hukipanga upya, na kukipanga kunahitaji mtu wa kutembea.

Asubuhi baada ya waraka, mke wake Selestina alikuwa anakwenda bandani na beseni la pumba alipoitwa.

"Mama Hyasinta, njoo nyuma ya gari."

"Nguruwe wanalia."

"Dakika moja tu."

"Dakika zako nazijua, Baba Hyasinta. Zina mikia mirefu."

Alikuja hata hivyo, beseni kiunoni. Fabian alikuwa ndani, ameegemeza kiwiliwili chote kulia mpaka kichwa kikagusa ukingo wa dirisha, mkono nje, anasukuma kioo hadi ubavu wa gari ukatoweka kabisa. Akarudi kukaa wima.

"Haya, anza."

Selestina alianza kutembea taratibu kutoka nyuma ya gari, upande wa kulia.

"Nakuona kioo cha ndani," alisema Fabian. "Njoo. Njoo. Sasa uko vioo vyote viwili. Hapo pazuri. Njoo. Umepotea."

"Nipo hapa."

"Najua upo. Kwenye kioo umepotea, na dirishani hujafika."

"Miaka yote hii ya ndoa, leo ndiyo unaniambia."

"Rudi kidogo. Simama. Ngoja nisogeze." Kioo kililia kwenye mkono wake. "Njoo sasa."

Safari hii, kabla hajatoka kwenye kioo cha nje, kiwiko chake na ukingo wa beseni vilikuwa vimeshaingia kwenye kona ya jicho la Fabian. Ndicho alichokuwa anakitaka: kitu kisitoke mahali pamoja kabla hakijaingia pengine. Wakafanya upande wa kushoto vivyo hivyo, Fabian akielekeza na Selestina akisukuma kioo kwa mkono mmoja, nguruwe wakitoa maoni yao.

Walipomaliza, Fabian alimweleza habari za waraka.

"Ubavu wa gari wanautazamia nini?" aliuliza Selestina. "Mlango unaweza kuondoka?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Waambie shingo yako mbovu."

"Nikiwaambia nitakaa stoo na Tajewo."

"Stoo kuna kivuli."

"Stoo kuna matairi, Mama Hyasinta. Tairi linaokotwa chini."

Selestina aliliweka beseni juu ya boneti. Hilo la kuinama chini lilikuwa limekwisha kujadiliwa katika nyumba hiyo mara nyingi, pamoja na jembe, ndoo na viatu vya kamba.

"Na hivi vioo," alisema baadaye, "vinaona kila kitu?"

"Karibu kila kitu."

"Karibu."

Alichukua beseni lake akaenda bandani, na Fabian akamsikia akilirudia neno hilo kwa nguruwe, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama wao wangelikubali.

Fabian hakuwa mjinga. Neno hilo alilijua kabla ya mke wake. Alijua kwamba mtoto mfupi, au mbuzi, au baiskeli iliyochagua vibaya pa kusimama, ingeweza kukaa humo ndani ya "karibu" na kuchukua nafasi ndogo sana. Kwa hiyo alikuwa amejiwekea kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: asipokuwa na uhakika, anasimama. Ilimfanya awe dereva wa polepole kuliko wote Karatu, na wenzake walilichukulia hilo kuwa ni umri.

Siku ya kupimwa alifika yadini mapema. Yadi ilikuwa na magari yaliyooshwa na madereva waliokuwa wakifanya mazoezi ya shingo, kidevu begani, kulia, kushoto, kama kuku waliosikia kitu. Kijana mmoja aitwaye Sironka, aliyekuwa na misimu miwili kazini na miwani ya jua ya kutosha misimu kumi, alilizunguka gari la Fabian.

"Mzee wa kazi! Mbona kioo kimoja kinatazama Mbulu na kingine Loliondo?"

"Bora vyangu vinatazama mahali," alisema Fabian. "Vyako vinatazama rimu."

"Rimu ya kisasa lakini, mzee. Lazima iangaliwe."

Wenzake walicheka. Kabla kicheko hakijaisha, Hamidi, msimamizi wa yadi, alifika na kopo dogo la rangi nyeupe na brashi. Alikuwa mtu mpole wa pale pale mjini, familia yake ina duka la vitambaa, na kila jambo la amri alilifanya kwa uso wa mtu anayeomba radhi.

"Kaka Fabian, usinichukie. Nimeambiwa nivirudishe vyote kwenye kipimo na niweke alama."

Fabian alikuwa bado kwenye kiti chake, na Hamidi alikuwa amesimama sawa na nguzo ya mlango, pale pale ambapo kona ya jicho inaishia.

"Sikuchukii, Hamidi," alisema Fabian. "Sikuoni tu."

Hamidi alicheka, akidhani ni utani, akakirudisha kila kioo ndani mpaka ubavu wa gari ukajaa, kisha akachora mstari wa rangi kwenye shina lake ili mtu asije akakisogeza.

Mkaguzi aliitwa Mzee Saning'o. Alikuwa mtu mrefu, mzaliwa wa Engaresero, mwenye kizibao cha njano na masikio yaliyotobolewa zamani, na alikuwa amewahi kuwa dereva wa safari kabla vijana wa yadini hawajazaliwa. Tangu asubuhi alikuwa amewapima kadhaa, na sura yake ilionyesha. Alipanda kiti cha mbele kushoto, akautafuta mkanda kwa kuupapasa begani bila kuutazama, akaufunga. Fabian hakuliona hilo, kwa kuwa lilitokea upande wake wa kushoto.

"Twende geti la hifadhi, halafu turudi," alisema Mzee Saning'o. "Endesha kama siku zote. Vioo usiguse."

Wakapita rasta za Karatu mjini, yale matuta madogo ya barabarani, wakapita maduka ya sanaa na yale mabango ya hoteli yanayoahidi utulivu, wakapanda kuelekea msituni. Waliongea njia nzima, wote wawili wakikiambia kioo cha mbele, kama watu walioketi benchi moja kanisani na wana jambo la kusema juu ya mahubiri.

"Umeanza lini kazi?"

"Zamani, mzee. Enzi za magari ya kufunguka juu kwa turubai."

"Mvua ikinyesha mnaloa wote."

"Na mgeni anakwambia ni uzoefu mzuri."

"Walikuwa wageni wa kweli wale." Mzee Saning'o alionyesha mbele kwa kidole. "Simama kushoto hapo kwenye mti."

Fabian aliwasha indiketa, akajikunja kutoka kiunoni kadiri mkanda ulivyoruhusu, akatazama alichoweza kutazama, akasimama.

"Umegeuza kichwa?"

"Nimeangalia."

"Sawa. Endelea."

Fabian alishangaa kidogo kuulizwa. Mtu aliyekaa karibu kiasi hicho angekuwa na habari hizo tayari. Lakini alikuwa na mambo mengine ya kumtia wasiwasi. Getini waligeuza mahali penye nafasi kubwa, wakaanza kushuka, na alijua wanashuka kwenda wapi. Wote waliopimwa kabla yake walikuwa wamesema kipimo chenyewe ni Njiapanda.

"Kata kulia," alisema Mzee Saning'o walipofika. "Kama unakwenda Mang'ola."

Fabian aliwasha indiketa, akasogea katikati ya barabara, akasimama. Mbele kulikuwa kweupe. Hakuna gari lililokuwa linakuja. Alitazama kioo cha kulia. Kilimwonyesha mlango wa gari, na juu ya mlango swala wa kampuni aliyechorwa kwa rangi ya kahawia. Swala alikuwa mzima. Kati ya swala na ukingo wa dirisha hapakuwa na kitu chochote, na hapo ndipo bodaboda wa Tajewo alipokuwa.

Lori nyuma yao lilipiga honi.

"Mbele ni kweupe," alisema Mzee Saning'o. "Unasubiri nini?"

"Nasubiri wapite."

"Akina nani?"

"Nisiowaona."

"Geuza kichwa utawaona."

Fabian alishika usukani kwa mikono miwili. Ingetosha kujikunja tena kidogo, kusema nimeangalia, na kukata kona. Labda pasingekuwa na mtu. Siku nyingi huwa hapana mtu.

"Nimesema geuza kichwa, Qamara."

"Mzee, shingo yangu haigeuki," alisema Fabian. Alikiambia kioo cha mbele, kwa sauti ya mtu anayetaja kituo. "Ina miaka haigeuki."

Wakati huo huo bodaboda ilipita upande wa kulia, goti la abiria likikosa kioo kwa upana wa kiganja, na nyuma yake ya pili, yenye tenga la kuku. Wote wawili waliziona zilipokuwa zimeshafika mbele. Lori lilipiga honi tena, refu.

"Toka kwenye lami," alisema Mzee Saning'o. "Vuka ukaegeshe pale wanapouza mbao. Taratibu."

Fabian alisubiri mpaka lori likachoka likawapita kushoto na matusi yake, akavuka, akaegesha, akazima injini. Alikuwa ameshaanza kufikiria stoo: stuli ile, harufu ya mpira, Tajewo akimsogezea nafasi.

"Yangu iliacha mwaka ule wa mvua kubwa," alisema Mzee Saning'o.

"Nini yako?"

"Shingo."

Fabian alitaka kumtazama, jambo ambalo lilihitaji kufungua mkanda kwanza, kwa hiyo lilichukua muda. Alipogeuka, kiwiliwili na vyote, alimkuta mkaguzi naye anafungua wa kwake kwa madhumuni hayo hayo. Walikutana katikati, uso kwa uso, kama milango miwili ya kabati moja.

"Kwa hiyo kule juu ulikuwa unapima nini?" aliuliza Fabian.

"Nilikuwa nasikiliza kola. Mtu akigeuza kichwa, kola ya shati inakwaruza mkanda. Yako haikukwaruza hata mara moja."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nangoja moja kati ya mawili. Useme, au utugongeshe."

"Ungeacha tugonge?"

"Mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki tangu getini. Upande wangu hakuna breki, ila mguu haujui."

Nje, bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria pale Njiapanda walikuwa wameanza kupendezwa na gari lile. Mzee Saning'o alishusha pumzi, pumzi ya mtu ambaye siku yake ingekuwa fupi kama watu wangekuwa wanaongopa vizuri zaidi.

"Vioo vyako viliwekwaje kabla ya ile rangi?"

"Nje."

"Nje kiasi gani?"

"Mke wangu akitembea kando asipotee."

"Eh." Alifungua mlango. "Egemea dirisha. Nitatembea mimi."

Akashuka, akanyoosha kizibao chake, akaenda nyuma ya gari, akaanza kutembea kando yake kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza.

"Unaniona?"

"Kioo cha ndani. Njoo. Vyote viwili. Njoo. Umepotea."

"Sukuma nje."

"Rangi ya Hamidi inakwanguka."

"Ikwanguke. Naanza tena."

Hakuhitaji kuelekezwa. Alijua mahali pa kuanzia, mahali pa kupunguza mwendo, na mahali pa kusimama na kungoja bila kuuliza mbona kimya. Mara ya tatu alipita kutoka kioo hadi kioo na kutoka kioo hadi dirishani bila kutoweka hata kidogo.

"Nyumbani kwako anatembea nani?" aliuliza Fabian kupitia dirishani.

"Binti yangu, Seenoi, na mtoto mgongoni. Lazima nione vichwa viwili. Nikiona kimoja, hatuondoki." Akazunguka kwenda kushoto. "Wako?"

"Mke wangu. Na beseni la pumba."

"Beseni zuri. Linaongeza upana."

Bodaboda mmoja alishindwa kuvumilia. "Wazee, shikamoo! Mmepoteza nini, tuwasaidie kutafuta?"

"Marahaba. Bado hatujajua," alisema Mzee Saning'o, na akaendelea kutembea.

Walirudi kwenye lami, wakaenda mbali kidogo, wakageuza, wakaja tena Njiapanda kutoka upande ule ule. Fabian aliwasha indiketa, akasogea katikati. Kwenye kioo cha kulia hapakuwa na swala. Palikuwa na barabara, na kwenye barabara hiyo pikipiki moja ikija kwa kasi. Akaingoja, ikapita, akatazama tena, akakata kona. Barabara ya Mang'ola iliwapokea kwa mashimo yake, na wote wawili waliyapokea mahali pale pale, shingoni.

"Sasa nitasemaje huko ofisini?" alisema Mzee Saning'o. Hakuwa anamuuliza Fabian hasa. "Nikisema shingo haigeuki, unakwenda stoo. Nikisema inageuka, siku ukimgonga mtu mimi nakwenda mahali pabaya kuliko stoo."

"Sema unachojua."

"Ninachojua ni kwamba wale wa asubuhi wote wamegeuza vichwa. Kidevu begani, vizuri kabisa, kola zinakwaruza. Na usukani wakawa wanaugeuza hapo hapo, pamoja na kichwa. Mtu anageuza kichwa kama anamsalimia jirani. Hasubiri kuona kama jirani yupo. Aliyesimama ni wewe tu."

"Nilisimama kwa sababu naogopa."

"Ndiyo. Endelea kuogopa. Siku utakayokata kona bila kusimama kwa sababu umezoea vioo, siku hiyo unipigie simu, useme umeshindwa. Usisubiri kupimwa."

"Nitapiga."

"Na ununue vile vioo vidogo vya duara, ubandike kwenye kona za hivi vikubwa. Vinaona chini."

Fabian alisema atanunua, na kesho yake alinunua. Huko ofisini Mzee Saning'o alisema lile alilolijua: kwamba dereva Qamara ndiye pekee aliyesimama mahali asipoona, na kwamba vioo vyake visiguswe. Hakuulizwa zaidi. Uongozi ulikuwa na mkutano mwingine.

Jioni Selestina alimkuta mumewe amesimama kando ya banda, wima, akiwatazama nguruwe kutoka mbali, umbali unaomruhusu kuwaona bila kuinama.

"Umewaambia?"

"Nimemwambia mmoja."

"Akasemaje?"

"Alishuka akatembea kando ya gari."

Selestina alilifikiria hilo. "Alijua kutembea?"

"Alijua."

"Basi kesho mwite yeye," alisema, akaingia bandani. Lakini asubuhi alitembea mwenyewe, pande zote mbili, na safari hii hakutaja nguruwe.

Fabian anaendesha hadi leo. Wengine wanampita, na vijana wanampigia honi pale Njiapanda, naye anangoja. Mgongo sasa umeanza kuiga shingo. Uongozi kwa upande wake uliridhishwa sana na matokeo ya ukaguzi, ukatangaza kwenye kundi la WhatsApp mafunzo ya lazima ya kugeuza kichwa kwa madereva wote wa kampuni. Kwa kuzingatia uzoefu na rekodi nzuri, wakufunzi walioteuliwa ni wawili, Mzee Saning'o na Fabian Qamara. Sehemu ya nadharia ilifanyika yadini na ilihudhuriwa vizuri. Sehemu ya vitendo bado haijapangiwa tarehe.